Rumba Iliyomwozesha Karani

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya komine, yaani ya serikali ya mtaa, hapa Kisangani, nikingoja karatasi yangu. Mbele yangu, kiongozi wa bendi moja ya zamani aliomba muhuri wa kibali cha tamasha. Karani, mama wa makamo, akasoma fomu na kushusha miwani.

“Papa, umeandika rege. Rumba iko wapi?”

“Tuliiacha, mama. Tumebadilika.”

“Bon. Mimi nilikubali bwana yangu juu ya rumba yenu. Sasa nimuweke wapi?”

Mwanamuziki akakuna kichwa. “Na yeye hajabadilika?”

“Hata kidogo! Iko vile vile.”

Karani akafungia muhuri kwenye droo. Yule papa ilibidi aimbe rumba palepale, beti mbili nzima, ndipo akagongewa. Nami nimeogopa kumuuliza mke wangu alinikubali kwa wimbo gani.