Mstari wa Njano

Anayetaka kucheka acheke. Haya sikusimuliwa. Yalinikuta mwenyewe Makambako, saa moja asubuhi, wala sikuwa nimeonja pombe ya ulanzi.

Tulikuwa tunasimamisha ghala la chuma la kuhifadhia mbao. Fundi mwenzangu Ezekia, wa Mdandu, kazi nilimfundisha mimi. Halafu mhandisi akamkabidhi yeye ufunguo wa stoo, spana ya kupimia na kopo la rangi ya njano, nami nimesimama palepale.

Unajua rangi ile ni ya nini? Bolti zile kubwa za kuungia chuma hukazwa mpaka kipimo, kisha fundi huchora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikisogea, mstari unaachana, kila mtu anaona. Kuuchora ni heshima. Nilimwonea wivu, sifichi.

Siku ya ukaguzi niliwahi. Ukungu ulikuwa mzito. Nikapanda na spana ndefu na rangi yangu, nikalegeza bolti moja aliyoikaza Ezekia, nikafuta mstari wake, nikachora mwingine ulionyooka. Mkaguzi akiipima tu, Ezekia kwishnei. Nani angenijua?

“Kamwene,” sauti ikanisalimu.

Alikuwa mtu mzima mwenye ovaroli kuukuu, amekaa kwenye boriti hatua tatu kutoka kwangu, miguu inaning'inia. Njia ya kupanda ilikuwa moja, na hakuna aliyenipita. Niamini, nywele zilinisimama. Nikaitikia, maana salamu hainyimwi.

“Nami nilimlegezea mwenzangu hivyohivyo,” akasema taratibu. “Aliyeanguka ni mimi.”

Akanishika mkono wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama chuma cha alfajiri. Akachovya kimoja kwenye rangi yangu, akanichora mstari kutoka kiganjani hadi juu ya kifundo cha mkono. Kufumba na kufumbua, boriti tupu.

Nilitaka niikaze upya nikimbie. Lakini bolti ya aina ile ikishakazwa mpaka kipimo kisha ikalegezwa, haiaminiki tena. Hutupwa, ikafungwa mpya. Mpya ziko stoo. Na ufunguo anao nani? Ikabidi nishuke, nimngoje Ezekia getini, nimweleze yote.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipa bolti mpya, tukapanda, nikaikaza mwenyewe, yeye akachora mstari. Ndipo akauliza, “Kaka, mbona mkono wako umechorwa?”

Mstari huo nimeusugua kwa petroli, nimeusugua kwa msasa. Upo. Moyo ukitulia, umenyooka. Nikisikia fulani kajenga, fulani kasifiwa kanisani, unaachana pale kwenye kifundo, kipande huku, kipande kule. Mke wangu siku hizi hutazama mkono kwanza, ndipo anisalimie.

Juzi Ezekia amepandishwa cheo. Nilikwenda kumpongeza, nimevuta shati mpaka vidoleni. Alilipandisha polepole, akatazama, akalirudisha chini. Akanikaribisha chai. Sikuweza kuinywa.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kuna mwenzako aliyekupita, mpongeze mapema, kabla hujashika spana. Mimi mstari wangu unaonekana. Wako hauonekani, na hapo ndipo ninapokuogopea.