Manjano ya Mama na Dawa ya Damu

Sikiliza, msomaji wangu, na kama una kikombe cha maziwa ya manjano mkononi, kinywe tu kwa raha. Mimi na manjano hatuna ugomvi. Utotoni nikiteguka mguu nilibandikwa manjano na chumvi, nikikohoa nikapewa maziwa ya moto yenye manjano na asali. Ugomvi wangu ni na mama yangu.

Mama anaishi nami hapa Khuwair ya Kusini, mjini Maskati. Moyo wake ni mgonjwa, naye anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo inataka kipimo: ikipungua, damu inaganda, ikizidi, inatoka ovyo. Nimemweleza kwa upole mpaka ulimi umechoka. "Nimefahamu, mwanangu," hujibu kila mara.

Mwezi uliopita mikono yake ilianza kuvia damu, mabaka ya zambarau. Akafanya nini? Akajipaka manjano. Fizi nazo zikatoka damu alipopiga mswaki. Akazidisha manjano kwenye maziwa, kwa kuwa wifi yangu alikuwa amemletea mfuko mzima kutoka Unguja. Ya dukani hapa Maskati, kwake yeye, ni rangi tu.

Nikampeleka kwa daktari. Akaulizwa kama anatumia dawa nyingine yoyote.

"La," akajibu, uso mkavu.

"Mama! Na manjano?"

"Manjano si kitu cha jikoni? Basi mtajie na kitunguu!"

"Unakunywa kijiko cha kula, asubuhi na jioni!"

"Kumbe nna mpelelezi nyumbani."

Daktari alicheka, kisha akaona majibu ya damu, akaacha kucheka. Damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Akatueleza kwamba manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, ila kwa wingi ule, juu ya dawa ile, huenda ndiyo yanayomtoa damu. Akamkataza yale maziwa na kumpangia siku ya kupimwa damu tena.

Garini Mama alinuna.

"Na wifi yako nitamwambia nini?"

"Mwambie tutapikia urojo."

"Urojo wa mfuko mzima! Utalisha Khuwair yote?"

Lakini maziwa ameacha, na majibu ya damu yaliyofuata yalikuwa mazuri. Sasa ananinunia kwa afya njema.

Wewe je? Ukienda kwa daktari, mtajie kila unachokunywa kwa ajili ya afya, hata kama kimetoka jikoni kwako.