Farasi na Kinu cha Marehemu

Kazi yangu ilikuwa kuwapiga watu mgongoni. Ndivyo ndugu zangu wa Mtendeni walivyonitania kila nilipokwenda mjini, na hawakuwa wamekosea sana. Nililinda kizuizi cha mbung'o kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, magharibi ya Tabora. Kila aliyetoka upande wa pori, awe na baiskeli, gari au debe la asali kichwani, alisimama kwangu nikamzunguka na wavu wangu mdogo, nikiwasaka wale inzi wanaoleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Wengi hutua mgongoni, ndiyo maana nikapewa sifa hiyo. Ng'ombe, mbuzi na punda hawakupita kabisa mpaka bwana mifugo awadunge sindano.

Farasi alinijia kwa njia hiyohiyo. Mzungu mmoja mwenye shamba la tumbaku huko ndani aliuza kila alichokuwa nacho baada ya uhuru, akawa anawahi treni. Alifika kizuizini asubuhi, nyuma ya gari lake kafunga farasi wa kahawia mwenye doa jeupe usoni. Nikamwambia farasi hapiti bila sindano, na bwana mifugo hayupo. Akatazama saa yake, akatazama farasi, kisha akaifunga kamba kwenye nguzo yangu akasema atatuma mtu kuja kumchukua. Mpaka leo mtu akiniambia atatuma mtu, namwambia asante, nimeshaelewa.

Mke wangu alicheka mchana kutwa. Alisema wenzetu huozesha binti ndipo wakapata mkwe, sisi hatukujaliwa hata mtoto lakini mkwe kaletwa mpaka mlangoni. Basi akawa anamwita Mkwe, na kwa kweli alifanana na mkwe. Alichagua chakula, alitaka kupishwa njia, na kichwa chake hakikuguswa na mtu. Harufu ya spiriti ikimfikia, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, alirusha mateke kabla hujamwona mwenye pamba.

Hata hivyo miaka ile ya mwanzo alidungwa sindano zake bila vurugu kubwa. Bwana mifugo wa wakati ule, mtu mzima mwenye kitambi, alikuja akiwa katika mizunguko yake. Kila mara mke wangu alikuwa uani anatwanga, maana alikuwa na kinu kikubwa alichokuja nacho kutoka kwao Igalula, amekikalia ndani ya behewa njia nzima kama kiti. Farasi alizoea kusimama kando yake akisubiri pumba. Bwana mifugo alimsogelea hapo, akamaliza, akaondoka. Tulimsifu sana kwamba ana mkono mwepesi.

Kisha mke wangu akafariki. Ilikuwa masika. Asubuhi alitwanga kama kawaida, jioni akasema hataki kula, na homa ikampanda. Nilimpakia kwenye lori la tumbaku kumpeleka hospitali ya mjini, na kwa lori nikamrudisha. Tulimzika nyuma ya nyumba. Kinu chake nikakipindua chini ya upenu ili kisijae maji ya mvua, mchi nikausimamisha ukutani, nikaviacha hapo.

Haukupita muda ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kijiji kipya kilipimwa upande ule salama, usio na mbung'o, karibu na reli, na majirani zangu wote wakaenda. Waling'oa milango na miti ya mapaa, kuta zikabaki zimeachama. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, nikaambiwa nibaki na kizuizi mpaka kitakapofungwa. Tatizo ni kwamba magari nayo yalihamia barabara mpya. Zilipita siku bila mgongo hata mmoja wa kupiga, nikawa napunga wavu hewani ili mkono usisahau. Nilikuwa mpweke. Sina neno jingine la kuiita hali ile, wala sioni haya kulitaja.

Nilibaki na Mkwe tu, na Mkwe akaanza kukonda. Nilimwekea majani mazuri, akayatafuna kwa kichwa upande, kisha akayatema. Uwanja ukajaa madonge ya majani yaliyotafunwa nusu. Nikadhani ana huzuni kama mimi, na nitasema kweli, nilifarijika kidogo kupata mwenzangu. Mpaka siku nilipoona damu kwenye mate yake.

Bwana mifugo mpya alikuwa kijana, hajamaliza hata viatu vyake vya chuoni. Alinipa shikamoo kabla hajazima gari, nikampenda hapohapo. Alinieleza kwamba meno ya farasi huendelea kujitokeza kadiri yanavyolika, na yasipolika sawasawa kingo zake huwa kali zikamkata mashavu na ulimi. Dawa yake ni tupa, ile ya mpini mrefu, kusugua mpaka kingo ziishe. Na ilimpasa adungwe sindano pia, maana kizuizi kingefungwa mwisho wa kiangazi, nami na farasi wangu tungehamia kijijini kwenye ng'ombe wa watu.

Balozi wa nyumba kumi wa kijijini alituletea vijana wenye nguvu. Walikuwa watu wa punda na maksai, wakamwendea farasi kwa ujuzi wa punda na maksai. Mmoja alimsokota sikio, wengine wakapitisha kamba miguuni ili wamwangushe. Sijui mnyama yule aliitoa wapi nguvu na mwili ulivyokuwa umekwisha. Alivunja ua, akamtupa mmoja kwenye miiba, akaning'ata bega mimi niliyekuwa nambembeleza. Bwana mifugo akaamuru wamwache.

Tulipobaki wawili alizungumza nami akiangalia bomba lake la sindano. Alisema atarudi mara moja tu kabla ya kizuizi kufungwa. Farasi asipodungika siku hiyo hatapita, na kumwacha porini ni kumpa mbung'o wamuue polepole huku njaa ikiwasaidia. Kwa hiyo atakuja na bunduki. Nilitaka kumjibu vibaya, nikajizuia. Sheria ile nilikuwa nimewashikia wengine. Niliwahi kumrudisha porini bibi mwenye mbuzi mmoja, naye akilia.

Baada ya hapo nilijaribu kila kitu. Nilimpaka asali kwenye ufizi, akaning'ata kidole akala na asali. Nilimsogelea na kijiti nikijifanya ni sindano, nikasogea hivyo siku baada ya siku, naye alikijua kijiti hata nikikificha ndani ya kanzu. Nilimsemesha, nikamtukana, nikamwomba radhi. Penye nia pana njia, husema watu, lakini waliosema hivyo hawakuwa na farasi.

Alasiri moja nikatamani mchicha wa karanga. Karanga ninazo, wa kuzitwanga hayupo. Mimi nimelelewa Mtendeni, na kwetu mwanamume akishika mchi atatafutiwa wimbo wa kumcheka. Nikatazama barabara huku na huku kuhakikisha hakuna anayeniona, mahali ambapo hakuwa amepita mtu tangu juzi. Nikakipindua kinu, nikafuta utando wa buibui, nikaanza kutwanga.

Farasi alikuwa mbali, kule kwenye nyumba zilizobomolewa. Aliinua kichwa. Akaja moja kwa moja, si kwa mashaka yake ya siku zote, akasimama pale alipokuwa akisimama. Kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukalegea, mguu mmoja wa nyuma akaupumzisha. Nikatwanga kwa mkono mmoja, mwingine nikampitisha sikioni, shavuni, mpaka kwenye fizi. Alitulia. Nilipouacha mchi ili nimshike vizuri, alishtuka akaruka kando. Nikaanza tena kutwanga, akarudi.

Ndipo nilipoelewa kwamba mkono mwepesi haukuwa wa yule bwana mifugo mwenye kitambi. Na nilielewa pia kwamba peke yangu sitaweza, kwa kuwa mtu hawezi kutwanga na kushika meno ya farasi kwa wakati mmoja. Karanga zile sikuzila.

Kijana alirudi kama alivyoahidi, safari hii na dereva. Bunduki niliiona imelazwa kiti cha nyuma, imefunikwa koti, nami nikashukuru kwa lile koti. Nilimweleza habari ya kinu huku masikio yananiwaka. Nilidhani atacheka. Dereva alitazama pembeni, lakini kijana aliuliza tu nitatwanga nini.

"Mahindi," nikamwambia. "Yakiisha nitatwanga maji. Wewe usinitazame mimi, mwanangu, fanya kazi yako."

Nikaanza. Mkwe akaja akasimama. Dereva akashika kamba bila kuivuta, kijana akasogea taratibu akiwa ameacha pamba yake ya spiriti garini, akamfinya shingoni, akamfinya tena, na mara ya tatu nikaona mkono unarudi na bomba tupu. Farasi alitikisa ngozi tu, kama aliyetuliwa na inzi.

Meno yakawa kazi ndefu. Kijana aliutoa ulimi pembeni akaushika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukaingiza tupa. Sauti ya tupa kwenye jino hunisisimua mwili mpaka leo nikiikumbuka. Kila iliposugua kwa nguvu, macho ya farasi yalianza kutoka nje, nami nikazidisha mchi mpaka yakarudi. Sikujua kwamba mchi ni mzito vile. Mabega yakaungua, viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mahindi yamekwisha kuwa vumbi na mimi natwanga tu. Mke wangu alifanya hivi kila siku ya Mungu, huku akinisimulia habari za kwao, nami nimekaa kivulini namwambia asinipigie kelele.

Hatimaye kijana akautoa mkono, akapitisha kidole ndani mara ya mwisho.

"Basi, mzee," akasema. "Pumzika. Amepita."

Nikauacha mchi. Farasi akainua kichwa. Hakunitazama mimi, wala kijana aliyekuwa ametoa mkono kinywani mwake. Aliutazama mlango wa nyumba. Akatembea mpaka pale, dereva akaiachia kamba, akaingiza kichwa gizani akasimama, masikio mbele. Zamani, baada ya kutwanga, pumba zilikuwa zinatoka mlangoni pale, na mtu wa kuzileta.

Nilikaa chini pale kwenye vumbi la mahindi nikalia mbele ya vijana. Nilikuwa nimemdanganya, nikampa sauti ya mtu ambaye hayupo. Kijana alikwenda kuosha tupa yake kwenye pipa, akaiosha muda mrefu sana, Mungu ambariki popote alipo. Farasi yeye hakutoka mlangoni mpaka nilipomletea pumba kwa mkono wangu.

Kizuizi kilifungwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuaga, kisha nikamtwika Mkwe kinu na mchi, nikashika kamba tukaingia kijijini jua linapopoa. Alikuwa ameanza kunenepa. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, na saa ile karibu kila ua ulikuwa na mwanamke anatwanga chakula cha jioni.

Kwenye ua wa kwanza farasi alisimama. Aliinua masikio, akamtazama mwanamke yule vizuri, kisha akaendelea. Kwenye ua wa pili akasimama tena. Wenyewe walidhani anaomba, wakamtolea pumba kwenye ungo, naye na meno yake mapya hakuonja. Watoto walianza kutufuata wakicheka, na mzee mmoja akaniuliza farasi huyu ana deni gani na wake za watu.

Ningeweza kuivuta kamba. Lakini kila aliposimama nilimwacha atazame, na mimi nikatazama naye, ua baada ya ua, mpaka mstari wa nyumba ukaisha.