Nyumba ya Kimanzi kule Mashuuru

Lorna Aketch aliacha densi akiwa na miaka ishirini na sita. Siku ya mwisho kikundi chao kilikuwa kikicheza kwenye harusi huko Nkoroi, na mwenzake wa densi, Kimanzi, aliruka sarakasi juu ya jukwaa lililolowa mvua, akateleza, akavunjika uti wa mgongo. Mruko ule Lorna ndiye aliyeubuni. Kimanzi alikuwa ameomba wauache kwa sababu ya mvua. Lorna akamwambia wageni wanaungoja.

Baada ya miezi minne hospitalini, Kimanzi alienda kukaa kwa dada yake Mbeke, aliyepanga ghorofa ya tatu Kitengela. Lifti hakuna. Kila siku ya kliniki majirani wawili walimteremsha pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakipumzika kwenye kila kona. Siku moja walimgonga goti ukutani, damu ikatoka, naye hakuhisi kitu. Lorna, aliyekuwa amemsindikiza, ndiye aliyelia.

"Sasa wewe unalia nini?" Kimanzi akamuuliza. "Miguu nilishazoea. Niko na shida na hizi ngazi tu."

Mwaka uliofuata Lorna aliingia chuo kikuu kusomea usanifu majengo, darasa moja na vijana waliomwita anti. Hesabu ilimtesa. Lakini akipewa chumba achore, aliona upesi mwili utageukia wapi na mkono utashika nini. Jumamosi alienda kwa Mbeke na chaki, akachora milango sakafuni, na Kimanzi akazungusha kiti ndani ya mistari.

"Hapa nimekwama."

Lorna anafuta, anapanua. "Haya, tena."

Miaka saba baada ya ajali, nyumba aliyoichora Lorna ilisimama Mashuuru, shambani kwa mama yake Kimanzi: vyumba viwili, milango mipana, hakuna kizingiti hata kimoja. Kimanzi alihamia mwezi wa tatu. Asubuhi ya kwanza alimpigia Lorna simu.

"Niko nje, kwa jua," akasema. "Na hakuna mtu amenisukuma."

Alikaa humo wiki sita. Kidonda cha kiunoni cha kukaa sana kitini, alichotoka nacho Kitengela, kiliharibika, sumu ikaingia kwenye damu, akafia hospitalini Kajiado.

Baada ya mazishi Lorna alimfuata mama yake Kimanzi jikoni, akamwambia kuhusu ile mvua, na jinsi mwanawe alivyoomba.

Mama aliendelea kuosha sufuria. "Aliniambia kitambo," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Miaka saba, Lorna, na ulikuwa unakula hapa."

Akajifuta mikono, akatoka.

Siku hizi Lorna huchora fleti za kupangisha Kitengela. Wenye ploti humwambia aondoe mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu mlangoni kwa sababu unakula nafasi ya duka. Hubishana nao, na mara nyingi hushindwa. Mashuuru hajarudi. Mbeke alimwambia kwamba ile nyumba sasa wanaitumia kuwekea mahindi.