Mshona Vitabu na Mama Wawili

Shangazi yangu alishona vitabu mpaka vidole vikaota sugu. Alikaa dirishani, kwenye kiti kilichofungwa kamba mguu mmoja, na sindano yake ndefu na uzi uliopakwa nta. Kazi yenyewe haina makeke. Karatasi kubwa iliyochapwa inakunjwa, inakuwa mkunjo. Mikunjo inapangwa kwa kufuatana, inashonwa mgongoni, kitabu kimekuwa kitabu. Mimi nilikunja, yeye alipanga na kushona. Jioni tulirudi nyumbani hoi bin taabani, salamu za majirani tukiziitikia kwa kichwa tu.

Mwenye karakana tulimwita Upesi, kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alikuwa ameanza kukizungukazunguka kiti cha Shangazi huku akizisifia mashine za kuunganisha vitabu kwa gundi. Ni kweli, mikono ya Shangazi ilikuwa imechoka. Mara uzi umelegea, mara ukurasa umekaa kichwa chini. Asubuhi moja Upesi akamwambia waziwazi kwamba akikosea tena aende akapumzike nyumbani. Alilitamka neno hilo kana kwamba anatoa zawadi.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa na nini? Binamu yangu, mtoto wake wa pekee, alifia ugenini kazini, akazikwa hukohuko. Kilichorudi ni nguo zake. Shangazi alizikunja, akazitia sandukuni chini ya kitanda, na hakumpa mtu hata soksi. Kiti cha dirishani ndicho kilichomtoa kila siku kwenye chumba chenye lile sanduku, na mimi nilijua kwamba akikipoteza amekwisha.

Ndipo ikaja kazi ya mashairi. Mwalimu mmoja alikuwa ameyakusanya kutoka nchi mbalimbali, akayafasiri mwenyewe, akafa kabla ya kuyaona yamechapwa. Mjane wake akaja kuchukua nakala ya kwanza. Alikuwa amechoka kama sisi, akaketi juu ya rundo la karatasi bila kuuliza. Akafungua katikati na kusoma kwa sauti, labda ili ayasikie maneno ya mumewe:

“Nimezifua tena nguo zako, ingawa ni safi.
Nimezikunja. Theluji imefika dirishani.”

Akageuza ukurasa.

“Nimeacha taa inawaka, mlango sifungi.
Ukirudi umechoka, sukuma tu, uingie.”

Akafunga kitabu, akalia. Upesi akavitazama viatu vyake. Mama wa namna hiyo nani asiyemjua?

Lakini Shangazi alikuwa ametoa macho. Alikichukua kitabu, akapekua mbele, akarudi nyuma, na nikamwona anasawajika. Mikunjo miwili ilikuwa imebadilishana nafasi. Nusu ya kwanza ya aliyoyasoma mjane ilikuwa ya mama wa nchi ya theluji. Nusu ya pili ilikuwa ya mama wa jangwani, aliyekuwa akimngoja binti yake. Nusu hizo zilikuwa zimeshikana vizuri, hata mjane mwenyewe hakuhisi kitu. Nilimkanyaga mguu Shangazi. Angenyamaza tu, nami ningemsaidia kufumua nakala zilizobaki Upesi akienda kula.

“Dada, hawa ni mama wawili,” akasema. “Nimewachanganya mimi.”

Mjane alifuta macho, akauliza kama walijuana.

“Wapi! Mmoja kwenye barafu, mwingine kwenye mchanga.”

“Mbona wanaongea sauti moja?”

“Uchungu wao mmoja,” Shangazi akasema. “Ila huyu wa kwanza, mwisho wake nguo alizitoa. Alimpa mtoto wa jirani. Ilimgharimu, dada. Tusimnyang'anye.”

Mjane akaomba nakala ile abaki nayo kama ilivyo, nyingine zirekebishwe. Upesi alimsindikiza mteja hadi mlangoni. Alisema baadaye, tena kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi: Shangazi amalizie kufumua na kushona upya, kisha akapumzike. Nikataka kumpa vidonge vyake, Shangazi akanizuia kwa jicho. Alifumua kitabu kimoja kimoja bila kunung'unika, na cha mwisho kilipokwisha akaniachia sindano.

Siku hizi kile kiti nakikalia mimi, na kamba yake iko palepale. Nikitoka kazini napita kwa Shangazi. Mikunjo iliyochanika wakati wa kufumua nilijichukulia, nayo ndiyo ninayomsomea, nimeketi kitandani kwake, visigino vikigusa sanduku. Namsomea kama mama yule wa theluji alivyotunga, mpaka pale mtoto wa jirani anapovaa shati na mikono inamzidi urefu. Kuna siku Shangazi husikiliza hadi mwisho, kisha hulitazama sanduku. Siku hizo mimi hupata matumaini.

Jana nilipofika kwenye zile nguo, akanishika mkono.

“Leo siwezi, mwanangu,” akasema. “Leo nisomee nilivyokosea.”