Panya wa Ghorofa ya Tatu

Nitawasimulia, lakini mcheke taratibu, kwa sababu aibu yenyewe haijapoa na mpaka leo nikipita karibu na sufuria ya wali kichwa kinaniwasha.

Mnajua nilikuwa na miezi tisa bila dawa ya nywele. Nilikuwa nimeapa kuachana na zile za dawa, zilizolala kama nyasi zilizokanyagwa na tembo, nizioteshe zangu za kuzaliwa nazo, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuzikata nikawa natembea na vichwa viwili juu ya shingo moja, shinani zimejikunja kama springi ya kalamu, nchani zimenyooka kama mvua. (Pale zinapokutana ndipo zinapokatika, na kila asubuhi niliokota kwenye mto nywele za kutosha kujaza godoro.) Mama mmoja anayeuza mafuta ya nywele kule Ngara akaniambia niloweke mchele usiku mmoja, nijipake yale maji, ningoje kidogo, kisha nisuuze vizuri. Usiku mmoja. Mimi, msomi wa shule ya jioni niliyepata cheti nikiwa nasinzia na kalamu mkononi, nikapiga hesabu kwamba kama usiku mmoja unasaidia, basi siku nane zitanipa nywele za kufagia barabara ya Naivasha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Siku ya nane ikaangukia siku ambayo bosi wetu, Wakili Kendi, angeniita saa sita kuniambia kama naajiriwa kabisa au narudi Riruta na miezi yangu mitatu ya majaribio. Nilikuwa sijalala. Nikataka angalau nywele zikae. Nikafungua mtungi niliolowekea mchele (jirani akafunga dirisha lake), nikajimwagia wote, nikakimbilia bomba la ploti, lile la wapangaji wote, nisuuze, bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza. Hapo mtu mwenye akili angebaki nyumbani na homa ya kubuni. Mimi nikajiambia zikikauka harufu itaisha, nikazisokota, nikafunga kitambaa, nikajipulizia marashi chupa nusu, nikashika njia ya mjini.

Asubuhi ilikuwa baridi na harufu ikalala. Lakini ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, dirisha lake halifunguki, na jua la saa nne linapiga meza yangu tu, kana kwamba limetumwa. Otieno, karani mwenzangu, akainua kichwa.

"Kuna kitu kimekufa hapa," akasema.

Ningeweza kusema ukweli pale pale, watu wacheke dakika mbili, yaishe. Lakini nikaiona saa sita inanijia na barua yangu mkononi, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Ni panya. Nilimwona jana."

(Jana sikuona panya. Hata mende sikuona.)

Basi Otieno akavuta kabati la faili, akaita mlinzi, mlinzi akaita fundi wa jengo, fundi akaanza kung'oa zulia, na mteja mmoja aliyekuja kula kiapo akakila akiwa ameziba pua. Nami nimepiga magoti natafuta panya kuliko wote. Shida ni kwamba kila nikiinama karibu na mtu, mtu huyo anasema hapa, imezidi hapa, nami nahamia kona nyingine, panya ananifuata, na kadiri nilivyotoa jasho ndivyo mchele ulivyozidi kuamka. Niliitazama saa ya ukutani mpaka nadhani yenyewe iliona haya.

Saa tano na nusu akaingia Bi Zuhura, mama wa Mombasa anayetupelekea hati mahakamani, na ambaye kila Ijumaa hutuletea vibibi, vile vikate laini vya mchele uliosagwa ukaachwa uumuke. Alisimama mlangoni, akanusa mara moja. Akapita kabati, akapita zulia, akapita Otieno, akaja kusimama nyuma yangu na kuninong'oneza.

"Mwanangu, huyu panya amekula mchele wa siku ngapi?"

"Nane, Bi Zuhura."

"Subhanallah. Hata wa vibibi nauacha usiku mmoja tu. Haya, twende."

Akanipeleka kwenye sinki la choo, akaniosha kwa sabuni ya mikono. Wanga wa mchele ulikuwa umezigandisha nywele, na kila alipojaribu kuzichambua, zile ncha za dawa zikawa zinaachia fungu kwa fungu pale pale mpakani. Nikamuuliza zimebaki ngapi. Akasema nisitazame kwanza, akaenda kuleta mkasi wa ofisi, akasawazisha. Nilipoinua uso, kwenye kioo alikuwa mdogo wangu wa kiume, amelowa, anataka kulia.

Nikatoka hivyo hivyo. Otieno alikuwa amekumbatia faili mpaka kidevuni. Akanitazama kichwa, akanusa hewa, akanitazama kichwa tena, kisha akazitua zile faili chini polepole.

Wakili Kendi alikuwa na barua mezani. Akaniambia nywele zimenikaa. Nikaanza kutabasamu.

"Hii nilikuwa nimeshaitia sahihi jana," akasema, akaiweka kwenye droo. "Itangoja mwezi mmoja. Si kwa sababu ya mchele, Nasimiyu, harufu yake naijua. Watu wangu wamebeba makabati saa nzima wakitafuta panya ambaye wewe ulimjua."

Nilirudisha faili zote peke yangu, isipokuwa za kabati la mwisho, ambazo Otieno alinisaidia akisema anaogopa panya atachoka.

Ule mwezi nilihisi una siku mia mbili, lakini ulipita, barua nikapewa, na nywele zangu sasa ni za kuzaliwa nazo kutoka shina hadi ncha, fupi na safi. Mchele naula. Na siku hizi kikinuka chochote ofisini, hata kama ni samaki wa mkahawa wa chini, mimi ndiye wa kwanza kuinua mkono.