Mbwa Aliyekula Kutoka Mkono Mmoja

Mume wangu ni polisi, na alikuwa na mbwa wa kazi, wa kunusa mabomu kwenye milango ya ofisi za mtaa wa Rohero. Jirani zetu wa Buyenzi walimtania kwamba ana wake wawili na kwamba mimi ndiye mdogo. Sikukasirika, maana ukiangalia alikoshinda mchana kutwa, walisema kweli.

Mbwa alipozeeka, miguu ya nyuma ikalegea, mkuu wa mume wangu akamwambia amchukue nyumbani. Nyumbani kuna mama mkwe wangu, mtu wa swala tano, na ua wetu ni mdogo. Mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mume wangu hakuthubutu hata kumwuliza. Akampeleka mbwa mtaa wa mbali wa Kinindo, kwa mama mmoja mwenye bustani kubwa na moyo mzuri. Nilifurahi, sioni haja ya kuficha.

Furaha yenyewe haikukaa. Yule mama alipiga simu akisema mbwa hali. Amempa wali, amempa nyama, amempa hata samaki wa mukeke wa kukaanga, anageuza kichwa. Mume wangu alielewa mara moja. Mbwa wa polisi hufundishwa kutopokea chakula kwa mtu mwingine, asije akalishwa sumu, na huyu alifundishwa vizuri mno. Mume wangu alikwenda, akamlisha kwa mkono wake, mbwa akala. Alipoondoka, mbwa akafunga mdomo tena. Zamu za polisi hazina huruma, na petroli siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Hakuweza kwenda Kinindo kila siku. Alichomfundisha ili aishi ndicho kilichokuwa kinamuua. Nilimwona mume wangu akisukuma sahani yake mezani, nikaumia.

Nilimweleza mama mkwe. Alisikiliza huku akivuta tasbihi, kisha akamwita mwanawe.

“Mate yake tutaosha mara saba,” alisema. “Na ile njaa yake, we utaiosha na nini?”

Sasa mbwa yuko kwetu, analala karibu na lango. Mama mkwe hajamgusa, na hatamgusa. Lakini asubuhi mume wangu akichelewa kutoka, ni yeye anayegonga mlango wa chumba chetu.

“Amuka, baba. Mugeni wangu hajakula.”